Nayori ya Kuombewa

Ukitaka kujua mwanamke anampenda mumewe kiasi gani, usimsikilize anavyoimba akifua. Mwangalie anavyokata yai. Mimi yai la kuchemsha nalikata kwa uzi. Kisu ni mwizi, kinabaki na kiini ubavuni halafu kinajifanya hakijui kitu. Uzi hauli. Nashika ncha moja kwa meno, ncha nyingine nazungushia kidole, navuta, na yai linaachana katikati bila ugomvi: nusu ya Jui, binti yetu wa miaka mitatu, nusu ya Hasmat, baba yake. Yangu mimi ni harufu, na harufu ya yai haijamnenepesha mtu.

"Uzi huo wangu," Hasmat alikuwa akinitania, maana ni mfumaji na uzi hutoka naye kiwandani umemganda nguoni.

"Basi kula uzi, yai nimwachie mtoto."

Tulikuwa tunacheka. Wakati huo mashine za kufumia za mji wetu wa Belkuchi zilikuwa bado zinalia siku sita kwa wiki. Uzi ulipopanda bei zikaanza kulia siku tatu, na sisi tukaanza kucheka siku tatu.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati, cha nne katika safu ya vyumba saba, bomba moja, jiko moja la nje kwa zamu. Mafuta ya haradali nilinunua ya kufunika kitako cha chupa tu. Sabuni niliikata vipande nikavianika juani vikauke, kwa sababu sabuni mbichi huisha kwa uchoyo wake yenyewe. Na kila nilipopima mchele wa kupika, kabla sijauosha, nilirudisha konzi moja kwenye chungu cha pembeni. Konzi asubuhi, konzi jioni. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Ni mchele wa siku mbaya na wa mgeni.

Siku mbaya tulikuwa nazo. Mgeni hatukuwa naye.

Na ulikuwa mwezi wa Joishtho, mafenesi yameiva, ndio mwezi wa nayori. Kwetu mafenesi yakianza kunuka, kaka huja kumchukua dada yake aliyeolewa akakae kwao siku kumi, siku ishirini, ale, alale mpaka jua limpige usoni, asukwe nywele na mama yake. Kisha mume huja kumchukua. Mwanamke asiyeitwa nayori ni kama mtu aliyezaliwa na mvua. Mwaka ule Jhumur, jirani wa chumba cha tano, alifuatwa na kaka wawili kwa mpigo. Akapita mbele yangu na sanduku kichwani.

"We Morsheda, hivi kwenu hakuna bajaji au hakuna kaka?"

"Vyote vipo, shoga. Dereva tu ndiye hajazaliwa."

Alicheka, nikacheka. Alipokata kona niliingia ndani nikapanga sufuria zangu mbili. Nikazipangua, nikazipanga tena.

Kaka ninaye. Azhar, ng'ambo ya mto Jamuna, mwenye mashamba ya mpunga na mashine nne za kufumia kwa mkono. Ni kwenye mashine hizo Hasmat alikuja kuomba kazi, kijana aliyelelewa nyumba ya yatima, begi moja, viatu vya kuazima. Mimi nilikuwa nazungusha uzi pale uani. Macho yake yakaanza kwenda na kurudi kama kile kijiti kinachopitisha uzi huku na huku kwenye mashine: kwenye kitambaa, kwangu, kwenye kitambaa, kwangu. Akaharibu misuli miwili aliyokuwa anaifuma. Kaka akamkata mshahara bila kujua kwamba anapokea mahari.

Tulipojulikana, kaka hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtu asiye na ukoo, siku mkigombana nitakwenda kukushitakia kwa nani? Kwa mlinzi wa nyumba ya yatima?" Tukaoana kwa kadhi wa mjini, mashahidi wawili wa kuokota. Miaka minne hakuna aliyevuka mto.

Basi waza mwenyewe Jumanne ile, saa nne asubuhi, bajaji ilipokohoa mbele ya mabati yetu, akashuka mtu mwenye kanzu fupi nyeupe, fenesi begani.

"Bibi kizee!" akaita.

Hilo ni jina alilonipa nikiwa na meno mawili. Sikumbuki nilifikaje barabarani. Nilikuwa na maji ya dengu mikononi, nikampaka yote kwenye kanzu.

"Umekonda."

"Joto, kaka."

"Joto linakula mashavu?"

"La huku lina meno. Ingia, ingia. Jui, njoo umsalimie mjomba!"

Jui hakuwa anajua mjomba ni kitu gani. Akalisalimia fenesi.

Nilimkalisha kitandani, maana hakukuwa na pengine. Nikakimbilia chungu. Miezi yote ya konzi, leo imepata mwenyewe! Nikapika wali, dengu, viazi vya kuponda na haradali na pilipili mbichi, nikamchemshia yai. Sikutafuta uzi. Nililiweka zima juu ya wali, likang'aa kama mwezi wa Idi.

Kaka akasema bismillahi, akamega tonge la kwanza, kisha mkono ukasimama. Mtoto wa mkulima wa mpunga humdanganyi kwa dengu. Akautandaza wali kwa kidole ukingoni mwa sahani. Punje nene. Punje nyembamba. Nyekundu. Nyeupe iliyolala ghalani. Nyingine mpya.

"Morsheda."

Kaka akiacha kukuita bibi kizee, kaa chini.

"Huu mchele umeutoa wapi?"

"Dukani, kaka. Wapi tena?"

"Huu ni mchele wa ombaomba. Nyumba hii konzi, nyumba ile konzi, zikichanganywa ndio unakuwa hivi. Umeanza kupita milangoni?"

Nilicheka. Kisha nikamwona usoni, kicheko kikanirudi tumboni.

"Ni wa nyumba moja," nikasema. "Hii nyekundu ni ya wakati wa baridi, tulinunua ule wa bei ya chini. Hii nyembamba ni ya Idi. Hii nene ni ya mwezi uliopita. Konzi konzi, kaka, kama mama alivyotufundisha."

"Chungu cha mama hakikuwa na rangi tano."

"Mama alikuwa na shamba. Mchele wake wote ulitoka gunia moja."

Alikula, lakini alikula kama mtu anayemeza dawa mbele ya mgonjwa mwenzake. Yai alimpa Jui zima, na Jui alilitazama pande zote akitafuta mahali pa kukatia.

Akanawa mikono. "Funga mizigo."

Moyo wangu uliruka, jamani. Aibu ya mchele na yote, uliruka. "Siku ngapi, kaka? Nimwachie baba Jui dengu za kutosha."

"Siku?"

"Nayori si ina siku ya kwenda na siku ya kurudi?"

Akajifuta midomo polepole. "Nayori gani, dada yangu? Mumeo kanipigia mwenyewe. Ijumaa, baada ya sala. 'Kaka, njoo umchukue Morsheda na mtoto.' Nikamwuliza, kwa siku ngapi? Akasema, 'Siku zozote mtakazoona wenyewe.'"

Nje mtu alikuwa anavuta maji kwa bomba la mkono. Nililisikia lile bomba, kwiki, kwiki, kwa muda mrefu.

Niseme ilivyo, usije ukadhani nilijichokoza. Kwetu nayori huombwa na upande wa mke. Mume huringa kidogo, huuliza nani atampikia, nani atamfulia, hubembelezwa kwa chai na maembe, halafu ndipo hutoa ruhusa kama anayetoa jino. Hata mume aliyekuchoka huringa, kwa heshima tu. Mume anayepiga simu mwenyewe na kusema njooni mumchukue, wala hataji siku, ametumia neno moja kwa njia ndefu: amekurudisha. Kama kitambaa kilichokutwa na tundu.

"Sikumsukuma mimi," kaka akasema, sauti imelainika. "Kachoka mwenyewe. Na sikuja kukucheka. Mama anakulilia kila sala. Chumba chako kipo. Jui atakunywa maziwa." Akasita. "Na kuna mtu mmoja, mjini Tangail. Mkewe alifariki mwaka juzi. Ana duka la mbolea, mtu mpole, hana makuu."

"Kumbe nimeshapata na mnunuzi."

"Morsheda."

"Miaka minne huna nauli ya kuvuka mto, siku moja unavuka na fenesi na mbolea."

Akainuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Niko kwenye kibanda cha chai, pale njia panda. Dereva atangoja mpaka alasiri."

Nilimbipu Hasmat mara tatu, kwa sababu salio langu lilikuwa la kubipu tu. Hakurudisha. Kwenye mashine husikii hata jina lako.

Basi nikafunga mizigo. Ndiyo, nilifunga, usinitazame hivyo. Nilitaka kuona maisha yangu yanajaza begi la ukubwa gani. Sari tatu. Nguo za Jui. Chanuo. Nilipochukua kioo kutoka msumarini, ukutani pakabaki duara safi, nikagundua kwamba katika chumba kizima hapo ndipo palipokuwa pangu. Nikajaribu kukumbuka ni lini amenichoka. Jumamosi? Jumamosi alinichotea maji. Jumatatu aliniambia nilale, atambembeleza mtoto yeye. Nilikuwa nimedhani ni mapenzi. Kumbe labda ndivyo mtu anavyoaga.

Hakuna upweke kama wa kukaa katika chumba cha mtu uliyempenda, ukihesabu wema wake mmoja mmoja na kuugeuza kuwa ushahidi.

Alifika kabla ya alasiri, mapema kuliko kawaida, pamba imemjaa nyweleni kama mtoto anayeigiza mzee mchezoni. Na alikuwa anatabasamu. Mkononi pakiti ya biskuti na utepe mwekundu wa nywele za Jui.

"Kafika! Nimemwona kibandani, kanipa mgongo, lakini kafika!" Akaona begi. "Umeshafunga? Hizi za njiani. Mtoni mtoto husumbua."

Nilimtazama. Macho yale yale yaliyokuwa yakienda na kurudi. Nikatafuta ndani yake kitu cha kuchukia, sikukipata, hasira ikanizidi.

"Umefurahi sana."

"Wewe hujafurahi?"

"Mimi nifurahi? Kitambaa kinarudishwa dukani, unataka kiimbe?"

"Kitambaa gani, mama Jui?"

"Usiniite mama Jui! Ulimpigia kaka yangu au hukumpigia?"

"Nilimpigia."

"Ukamwambia aje anichukue."

"Nikamwambia aje akuchukue." Tabasamu lilikuwa linamtoka kidogo kidogo, kama rangi mbovu kwenye maji. "Nayori. Si nayori?"

"Nani alikwambia mume anaombea nayori? Nani, katika dunia hii ya Mungu, ulimwona akipiga simu kwa shemeji yake, 'njoo umchukue mke wangu'? Ukisema hivyo umenirudisha, Hasmat! Umenipa talaka kwa salio la dukani! Wameshanitafutia na mtu wa mbolea!"

Nilimtaja jina, na kwetu mke hamtaji mumewe jina. Miaka minne sikuwahi. Jui aliacha kutafuna.

"Mtu wa nini?"

"Mbolea! Ana duka zima!"

Akakaa chini, sakafuni, na biskuti zake. Aliposema alizungumza na ule utepe.

"Kule nyumba ya yatima, Idi ikikaribia, mwalimu alikuwa anaandika barua. Kwa mjomba wa huyu, kwa shangazi wa yule: njooni mmchukue mtoto. Aliyeandikiwa alifuatwa. Asiyeandikiwa alibaki anafagia ukumbi. Mimi nilibaki na kufagia Idi kumi na moja." Akaukunja utepe kidoleni. "Nikaona Jhumur kafuatwa. Nikaona unavyopanga sufuria. Nikasema, huyu hajafuatwa kwa sababu hana wa kumwandikia. Mimi sikujua kuna watu wanafuatwa hivi hivi, bila mtu kuandika."

Niliutazama ule utepe ukizunguka kidole chake.

"Na siku?" nikauliza. "Kwa nini hukutaja siku?"

"Nilidhani kutaja siku ni uchoyo. Mtu anakupa chakula, wewe unamwekea saa." Kisha akanitazama. "Na sitakudanganya. Nilitaka pia ule. Unadhani sioni unavyokula harufu? Jioni nilikuwa nasema nimeshiba ili ule wewe. Wewe kesho yake unapima kidogo, mchele unaurudisha kwenye chungu. Nikasema huyu mwanamke atakufa na chungu kimejaa. Wacha akale kwao mwezi mmoja."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Mjinga mkubwa."

"Nimelelewa na walimu, si na dada."

Nilijikuta nimechutama mbele yake, nang'oa pamba nyweleni mwake, moja moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alishika mkono wangu akauweka shavuni, ukakaa hapo. Nilimwonea huruma mtoto yule na ufagio wake mpaka nikasahau kwamba nimefunga begi.

"Sasa kaka nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie siku. Mume hutaja siku ya kwenda kumchukua mkewe. Mwambie, na uringe kidogo."

"Sijui kuringa."

"Simama wima tu. Itafanana."

Tulikwenda wote, yeye mbele na begi, mimi nyuma na mtoto. Ndiyo, na begi. Nilikuwa nataka kwenda, na leo hii sitaukana moyo wangu: nilitaka kumwona mama, nilitaka kulala mpaka jua linipige. Nilitaka neno moja tu kutoka kwa kaka, tarehe, hata ya mbali.

Kaka alikuwa na kikombe cha chai kilichoota ngozi juu. Dereva wa bajaji alijifanya anafuta kioo.

"Assalaam alaikum, kaka," Hasmat akasema. "Nilikosea maneno. Sina wazee walionifundisha desturi, basi nifundishe wewe. Sikumrudisha. Nampa ruhusa siku kumi na tano. Ya kumi na sita nitakuwa mlangoni kwenu, namchukua mke wangu na mtoto wangu." Kisha, maskini, akakumbuka. "Na nani atanipikia siku zote hizo?"

Dereva alicheka. Kaka hakucheka.

"Nimeuona mchele wenu," akasema. "Mlangoni kwangu hutasimama. Akija, amekuja."

"Basi nitakaa nje ya mlango."

"Utakaa sana."

Kisha kaka akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu na sijui kama ni vumbi. "Bibi kizee. Bajaji ni hii. Mama anangoja. Mimi sivuki mto huu mara mbili."

"Taja siku, kaka. Hata ukisema mwezi. Hata miezi miwili."

"Sikuja kukuhesabia siku. Nimekuja kukutoa shimoni."

"Sema siku moja, hata ya uongo, nitaiamini."

Aliinama akafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka. Nilingoja. Muadhini akaanza adhana ya alasiri, akamaliza.

"Safari isiyo na siku ya kurudi, kaka, kwetu haiitwi nayori," nikasema. "Msalimie mama. Mwambie mjukuu wake ana miguu kama yake."

Nilidhani atanishika mkono. Siku zote nilipokuwa mtoto nikisusa, alinishika mkono akanivuta, na mimi nilikuwa nasusa kwa sababu najua atanivuta. Nikauacha mkono ule karibu naye kidogo, kwa ajili hiyo. Akaingia kwenye bajaji. Akalipa chai akiwa ameshakaa ndani. Dereva akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akawasha.

Hakugeuka. Niliitazama kanzu yake kwa nyuma, ile alama ya maji ya dengu niliyompaka haikuwa upande huo, hata hiyo sikuiona. Wakapita soko la misuli, wakapita msikiti, vumbi likawa juu yao, kisha likawa vumbi tu.

Hasmat hakuniambia pole. Alilibeba begi mpaka nyumbani kwa mkono ulio mbali na mimi, nisilione. Njia nzima alitembea nusu hatua nyuma yangu, na nilimsikia mara mbili akivuta pumzi ya kuanza neno, akaiacha. Nilimpenda kwa yale maneno mawili ambayo hakusema. Nilimpenda, na nilikuwa peke yangu kuliko nilivyowahi kuwa, na yote mawili yaliingia na mimi mlango mmoja bila kusukumana.

Nikafungua begi. Hasmat akawasha jiko, zamu haikuwa yetu, lakini mwanamke wa chumba cha pili alituona usoni akasogea. Fenesi lilikuwa chini ya kitanda, limejaza chumba harufu ya nyumbani kwetu, na hakuna aliyelisogelea.

Jui alikuwa bado amevaa viatu vya safari. Alikataa kuvuliwa. Alikaa kizingitini na utepe wake mwekundu, akiangalia upande ilikokwenda bajaji.

"Mama, mjomba anakuja tena lini?"

Nilikuwa nimeinama kwenye nguo. Hasmat alikuwa ameinama kwenye moto. Nilimngoja ajibu yeye, baba wa mtoto. Naye, nilimwona kwa pembe ya jicho, ameshika kijiti cha kuchochea hewani, ananingoja mimi.

"Lini?" Jui akauliza tena.